Kidole Gumba Kwenye Picha

Juu ya meza ya mwalimu wa insha pana kopo tupu la maziwa ya unga. Ukitaka kurusha neno mtandaoni, sharti uliandike kwanza kwenye karatasi, uikunje, uitumbukize humo, ilale mpaka kesho. Kesho ukilisoma na moyo haukusuti, haya, lirushe. Wanafunzi humwita Mama Kopo, naye hujifanya hasikii. Karatasi nyingi huishia jalalani, na hilo ndilo analolitaka.

Kila mwaka huwasimulia habari za mwalimu mmoja aliyekuwa akisahihisha insha za "Baba Yangu". Binti mmoja, mpole kupita kiasi, aliandika kwamba baba yake ni koti lililotundikwa nyuma ya mlango, na kila asubuhi hulisalimia kabla ya kuja shule. Mwalimu alicheka mpaka machozi. Akaupiga picha ukurasa ule, jina akalifunika kwa kidole gumba, akautuma kwenye kundi la walimu wenzake. Mmoja wao akamrushia mwanawe, aliyesoma shule hiyo hiyo. Mwalimu mzima alisahau kwamba wanafunzi hujuana kwa miandiko! Kabla ya mapumziko shule nzima ilikuwa ikimwamkia binti yule: "Shikamoo, koti." Siku ya tatu hakuja, wala hakurudi tena.

Asichowaambia ni kwamba mwalimu huyo ni yeye. Wala hawaambii kwamba kila muhula, miaka saba sasa, huenda kwa mama wa binti, fundi cherehani, kumsihi mtoto arudi kusoma. Fundi hajawahi kumfokea. Humvutia kigoda, akaendelea kushona.

Mwaka huu, kisa kilipokwisha, kiranja alinyoosha mkono. Picha hiyo bado ipo, alisema, hata yeye alitumiwa juzi. Siku ya somo hili simu huruhusiwa, basi ikapita mkono kwa mkono, na darasa likaangua kicheko kana kwamba halijasikia kitu. Ilipomfikia mwalimu, aliiona kucha yake iliyopasuka katikati tangu utotoni, alipobanwa na mlango. Kiranja alitazama kidole kilicho kwenye picha, akatazama kilichoshika simu.

"Ni mimi," mwalimu alisema, kabla hajaulizwa.

Kicheko kilikatika. Aliwaomba waifute, nao wakaifuta. Kiranja alibaki ameinamisha kichwa.

"Mimi nimeifuta, Mwalimu. Lakini jana nilishawatumia binamu zangu."

Jioni ile mwalimu alikwenda kwa fundi. Hakuomba mtoto arudi. Alisema tu kwamba picha bado inazunguka, na kwamba alidhani ilikwisha kufa zamani.

Fundi alisimamisha cherehani, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile.

"Tunajua, Mwalimu," alisema. "Kila mwaka kuna mtu humtumia mwanangu, akamwambia acheke."