Gemu ya Nyumba Kubwa

Huko Mtongwe, upande wa Likoni, mwanamke akiolewa pasi na hina ya Mwanamkasi watu walisema harusi haikutimia. Alikuwa na mkono mwepesi. Ua akilianzia kwenye kidole gumba lilipanda mpaka kiwikoni bila kusita wala kufutwa, na bibi harusi akasahau kuwa miguu imemfa ganzi. Mumewe, Mbwana, alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila arudipo safari hakukosa kuja na kitu. Safari moja alikuja na televisheni ya rangi. Ikawekwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa alichokifuma Mwanamkasi mwenyewe, na tangu siku hiyo mtaa wote ukajua nyumba kubwa ni ipi.

Nyumba kubwa, kwa sababu ilikuwapo na ndogo. Mbwana alikuwa na mke wa pili, Barke, aliyekaa Changamwe karibu na matangi ya mafuta, na aliyemzalia wana wawili wa kiume wakifuatana, Ghalib na Abdillahi. Mwanamkasi alijaliwa binti mmoja tu, Dhahabu. Machoni pa watu wake wenza hawa hawakuwa na neno. Idi ikija sinia za vyakula zilivuka feri huku na huku na salamu zikafika zilikopelekwa. Lakini Mwanamkasi hakuwahi kukanyaga Changamwe, na kila leso na kila chupa ya marashi iliyotoka kwenye begi la Mbwana aliitazama kwa jicho la pembeni, akijiuliza ya pili yake imekwenda wapi na kama ni nzuri zaidi.

Mwaka wa tisini na moja Mbwana akarudi kutoka Dubai na sanduku la karatasi ngumu. Dhahabu alilifungua kabla hajakatazwa. Ndani mlikuwa na mashine ya plastiki, nyeupe na nyekundu, yenye ukubwa wa kitabu kinene, na waya za kila namna. Mbwana akasema ile ni gemu, ya kuchezea kwenye televisheni, na kwamba ni ya watoto wa Changamwe.

Mwanamkasi aliuliza taratibu kama Dhahabu si mtoto. Mbwana akacheka, akasema michezo ya vita na mpira ni ya wavulana. Neno hilo lilimchoma, akaenda kuchungulia chungu jikoni. Haukupita muda mumewe akamfuata. Alikuwa amekumbuka kuwa gemu bila televisheni ni sanduku tupu, na kule Changamwe televisheni haikuwapo. Akaanza kwa mbali, akasifu mchuzi, akaulizia afya ya shangazi, kisha akatoa lake: je, televisheni haingeweza kuazimwa kule, wakati wa likizo tu ya shule?

"Televisheni haivuki feri," Mwanamkasi akasema.

Mbwana alimjua mkewe. Hakubishana. Akaamua gemu ibaki Mtongwe, na Barke awe akija na watoto kila Jumapili. Hivyo Mwanamkasi, aliyetaka kuzuia kitu kisitoke, akajikuta ameruhusu mtu aingie.

Jumapili ya kwanza Barke alifika amevaa buibui jipya, akamwamkia mwenzake kwa adabu, akambusu mkono. Mbwana akaiunga mashine. Waya mmoja ulikwenda nyuma ya televisheni pale pa antena, mwingine ukaingia kwenye adapta nzito ya umeme iliyochomekwa ukutani. Kaseti ya gemu, kipande cha plastiki ya manjano kama kibweta cha sabuni, ikasukumwa juu ya mashine. Kwanza ilionekana chengachenga tu. Mbwana akazungusha kitufe cha stesheni polepole, mpaka chenga zikapasuka na picha ikatoka: vifaru viwili vidogo vikilinda ngome iliyo chini ya kioo, na maadui wakishuka kutoka juu.

Vishikio vilikuwa viwili, vimeungwa moja kwa moja kwenye mashine, na havikuwa sawa. Cha kwanza ndicho kilichokuwa na kitufe cha kuanzishia mchezo. Cha pili hakikuwa nacho, ila kilikuwa na kipaza sauti kidogo. Ukisema hapo, sauti yako inatokea kwenye televisheni. Na waya za vyote viwili zilikuwa fupi. Wachezaji wawili hawakuwa na budi kukaa mkekani bega kwa bega, magoti yakigusana.

Mwanamkasi alikuwa jikoni akikuna nazi aliposikia sauti ya Barke ikitoka kwenye televisheni yake. Barke alikuwa akimwita Mbwana kwa mzaha katika kile kipaza sauti, "Bwana, nisaidie, nazingirwa," na watoto wakiangua kicheko. Mwanamkasi alisimama mlangoni na mbuzi ya nazi mkononi. Aliwaona kwa nyuma, mabega yamekutana, vichwa vikiinama pamoja kushoto na kulia kama wanaoswagwa na upepo mmoja. Miaka mingapi ameolewa na mtu huyu, na lini walikaa hivyo?

Akanawa mikono, akaja, akasema naye ataka kujaribu. Barke akainuka mara moja kumpisha. Kilichobaki kilikuwa kishikio cha pili, na Mwanamkasi akakishika, yeye mke wa kwanza, mbele ya watoto. Kifaru chake kiligonga ukuta, kikarudi nyuma, kikageuka na kuipiga ngome yake mwenyewe. Mchezo ukaisha. Barke alicheka, si kwa ubaya, lakini alicheka. Mwanamkasi naye akacheka, akarudi jikoni, na wali wa siku ile ukaungua chini.

Mbwana aliposafiri tena, Mwanamkasi alimwita Ngala, jirani yake aliyeendesha lori la mafuta na aliyekwenda Changamwe kila siku. Akamtuma amwambie Barke kuwa gemu imeharibika, basi asijisumbue na safari ya Jumapili mpaka baba watoto arudi.

Gemu ilikuwa nzima. Dhahabu akishakwenda shule, na kama hapana harusi ya kupaka, Mwanamkasi alifunga mlango, akaondoa kitambaa na kuketi peke yake, safari hii na kishikio cha kwanza. Alikuwa na nia moja tu: siku Barke atakaporudi, amkute mwingine. Mwanzo alikosa hata kugeuka. Kisha vidole vile vilivyozoea kuchora ua kwa kijiti vikaanza kufahamu. Akajua kuwa ukibonyeza kitufe kwa nguvu hupati zaidi ya ukikigusa. Akajua kuwa picha ikitetemeka sharti uichomoe kaseti, uipulize meno yake ya shaba, uirudishe. Akajua pia kuwa mashine ile haina kumbukumbu: alama zako zote hukaa humo maadamu imewashwa, ukiizima zinapotea kama hukuwahi kucheza. Hilo lilimuuma, kwa sababu alikuwa na alama nyingi na hakuna aliyeziona.

Siku moja asubuhi alisikia hodi. Sauti aliitambua. Aliizima mashine, akazima televisheni, akatupa kitambaa juu, akafungua. Barke alikuwa peke yake, amebeba kikapu cha maembe ya kumpa Dhahabu. Alikuwa amekuja mjini kumwona daktari wa macho, akaona si vyema arudi bila ya kupita. Waliulizana hali. Macho ya Barke yalikwenda kwenye kitambaa kilichokaa upande.

Akauliza gemu imepatwa na nini. Mwanamkasi akasema hajui, imekufa tu ghafla, haiwaki. Barke akasogea kwa huruma, akainama na kuigusa adapta pale ukutani. Mkono wake ukakaa hapo.

"Ina moto, Da Mkasi," akasema.

Mwanamkasi aliona uso ukimwaka. Badala ya aibu kilichomtoka kwanza ni hasira, akasema hii ni nyumba yake na cha humu anakitumia apendavyo.

"Najua ni nyumba yako," Barke akajibu, bila kupandisha sauti. "Tangu niolewe sijasikia jingine. Televisheni ya Da Mkasi, mkono wa Da Mkasi, mchuzi wa Da Mkasi. Nikipika, nalinganishwa. Nikaona hizi Jumapili angalau na wanangu watakuwa na chao. Nilipowaambia kimeharibika, Abdillahi amekuwa akikiombea dua kila akimaliza kuswali, kipone."

Mwanamkasi aliketi. Miaka yote hiyo aliwaza wivu ni mzigo wake peke yake, aubebao upande wake wa kivuko, na kumbe upande wa pili yupo mwingine na mzigo wake. Na yule mtoto aliyeuombea uongo wake dua alimwingia moyoni mahali ambapo Barke mwenyewe asingefika. Hakuomba radhi. Alikiondoa kitambaa, akawasha, akamsogezea mwenzake kishikio cha pili.

Mwanzo walicheza kama maadui. Kila mmoja akikipita kifaru cha mwenzake alikipiga, na kikipigwa hukaa kimeganda, na maadui wakashuka wakaibomoa ngome. Ikabomolewa mara baada ya mara, mpaka Barke akasema tugawane, wewe shika kushoto. Mwanamkasi akashika kushoto. Adhuhuri ikawakuta hawajaonja kitu isipokuwa maembe ya Dhahabu.

Jumapili zikarudi, na baadaye siku nyingine pia. Watoto wakicheza, wake wenza walikaa barazani. Watoto wakichoka wakatoka nje, wao wakaingia. Na kwa kuwa macho yalikuwa kwenye kioo, midomo ikawa huru. Yale ambayo wasingeweza kuambiana uso kwa uso waliambiana ubavu kwa ubavu. Ndipo Mwanamkasi akajua kuwa Mbwana humwambia Barke ya kwamba mke mkubwa ana ugonjwa wa moyo, hafai kukasirishwa, ndiyo maana yeye huwahi Mtongwe. Barke naye akajua kuwa Mtongwe huambiwa Barke ana hasira za karibu, ndiyo maana yeye huwahi Changamwe. Mwanamkasi aliuliza kama kule pia Mbwana humwita mkewe ua la mkadi. Barke akasema naye huitwa hivyo hivyo. Walicheka mpaka ngome ikaanguka.

Mbwana alirudi alasiri ya Jumapili bila kutuma habari. Alipiga hodi, akaitikiwa karibu, akaingia na begi lake begani, na wakeze wawili hawakugeuka. Waliitikia salamu wakiwa wanatazama mbele. Mwanamkasi alimwambia chai iko kwenye chupa. Akajimiminia, akanywa, akasubiri. Mwishowe akanyoosha mkono na kusema haya, mpeni baharia naye acheze.

"Ngoja zamu yako," Mwanamkasi akamwambia.

Mbwana aliketi kwenye kiti akiwa na kikombe kitupu, na Mwanamkasi, alipomtupia jicho, aliutambua uso ule. Ulikuwa wake mwenyewe, wa siku ile ya mbuzi ya nazi mlangoni.

Kabla juma halijaisha Mbwana alikuwa amenunua televisheni ndogo. Alisema haki ni haki, kila nyumba na chake, na gemu tangu awali ilikuwa ya Changamwe. Akaichomoa, akazungusha waya, akairudisha kwenye sanduku lake. Mwanamkasi alimwacha. Ilikuwa kweli.

Jumapili iliyofuata Mbwana alikuwa zamu ya nyumba ndogo. Zamani Mwanamkasi angekaa akimfikiria huko aliko. Safari hii naye alikereka asubuhi nzima, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa, ila kilichomkera hakikuwa Mbwana kukaa na Barke. Alikereka kuwa Mbwana, asiyejua hata kushika kushoto, alikuwa amekalia mahali pake. Alivaa buibui, akamwita Dhahabu, wakashuka kwenye feri.

Nyumba ya Barke aliiona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Chumba na ukumbi, ukuta umeingia weusi kwa moshi wa malori, televisheni imewekwa juu ya kreti la soda. Aliitafuta kwa macho ile mali aliyoihofia miaka yote, hakuiona. Barke alimpokea mlangoni, akamvua buibui, akamwambia Mbwana awapishe, na Mbwana akatoka kwenda msikitini kabla hata ya adhana.

Walicheza mpaka alasiri. Mwanamkasi aliona mapema kuwa jambo limebadilika. Barke hakukosa tena. Aligeuka kabla adui hajatokea, akawachukua na maadui wa upande wa kushoto, na hesabu ya alama ilipotoka kwenye kioo zake zilikuwa juu.

Kwenye feri, wakirudi, Dhahabu aliuliza kama watakwenda tena juma lijalo. Mama yake alikuwa akitazama vidole vyake vya hina, akiwaza kuwa sasa mashine iko kule, na asubuhi, watoto wakishakwenda shule, kuna mtu Changamwe anayefunga mlango na kujifunza peke yake.