Mchanga wa Kaburi la Baba

Bahari inanuka. Hilo hakuna aliyenidokezea kwetu Arua, mbali na pwani. Walimu wenzangu walipopanga safari ya likizo kwenda pwani ya Kenya walizungusha picha za maji ya buluu, na picha hazina harufu.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya mama. Marehemu baba alikuwa askari, na miaka yote aliapa kwamba akistaafu atakwenda kukanyaga mchanga wa bahari, mweupe kama unga wa muhogo. Alistaafu, akaugua, akafa. Tulimzika nyumbani Midia. Mama, ambaye ni Mlugbara wa Ediofe, alikuwa akiongea na mumewe, Mkakwa, Kiswahili cha kambi za jeshi, na kwa Kiswahili hicho hicho akaniagiza: "Leta hiyo mchanga. Nitaweka kwa kaburi yake."

Tulitweka tanga la ngalawa asubuhi. Kabla hatujafika kwenye matumbawe nilikuwa nimetapika chai na maandazi yote, na samaki wazuri wenye mistari ya njano wakaja mbio wakala matapishi yangu. Wenzangu wakawapiga picha. Kisha nikapewa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia uliokuwa na ladha ya kinywa cha mtu mwingine, mla vitunguu. Nikazamisha uso. Chini walilala majongoo bahari, wanene kama mkono wangu. Nahodha akaniokotea mmoja nimshike, naye akanitolea nyuzi nyeupe zinazonata mpaka kwenye kiwiko. Jongoo wa kwetu ukimgusa anajikunja tu, walau ana haya.

Tulipotua kwenye fungu la mchanga, wimbi likaniangusha kifudifudi. Niliinuka na mchanga kwenye meno, lakini ulikuwa mweupe kweli, kama baba alivyosema. Nikapiga magoti, nikajaza kopo la maziwa ya unga nililotoka nalo nyumbani.

"Mchanga hii iko safi," nilimwambia nahodha.

Alikicheka kwanza Kiswahili changu cha 'hii iko', ndipo akajibu. "Safi wapi, mwalimu? Mwingi wa huo ni mavi ya pono." Akanionyesha majini samaki wa kijani akiguguna matumbawe kwa meno makubwa. "Akishatafuna, anakunya mchanga. Ndio huo."

Nilitema mate mpaka koo likakauka. Njia nzima ya kurudi nililiweka kopo mbali na chakula, na kila basi liliporuka shimoni nilisikia ule mchanga ukicheza ndani nikalisogeza mbali zaidi. Nilifikiria kuumwaga na kuchota mchanga wa mtoni Arua. Mama asingejua. Lakini angeutandaza kwa mikono yake akiamini ni ahadi ya baba, nami ningesimama pale na uongo wangu. Na kama ningempa huu wa bahari nikanyamaza, ningekuwa nimemfunika baba yangu kinyesi.

Nyumbani nilimkuta mama amepiga magoti akisiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe na majivu, maana kesho yake ilikuwa siku ya sala ya kumkumbuka baba. Aliliona kopo. "Ulileta?"

"Mama, hii iko mavi. Mavi ya samaki."

Mkono wake haukusimama. "Na hii iko nini?" akasema, akiniinulia kiganja kibichi. "Baba yako akikuja likizo, mimi kwanza napaka nyumba, ndio yeye anaingia. Hata wewe nilizaa hapa chini."

Akajifuta mkono kwenye nyasi, akachukua kopo, akaenda nyuma ya nyumba. Aliumwaga mchanga mbele ya kaburi, upande wa miguu, akautandaza taratibu kwa viganja.

"Toa viatu," aliniambia. "Kanyaga. Hii miguu yako iko ya baba yako."

Niliitazama miguu yangu, mipana, kidole cha pili kimekipita kile kikubwa. Nikakanyaga. Kinyaa kilinipanda mpaka kooni, na nililia.