Lori la Tisa

Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo, hakuna lori lililozidisha uzito ambalo lingevuka mizani yoyote katika barabara ya pwani ya kaskazini, liwe la nani, liwe limebeba nini. Hapatakuwa na kusameheana, hapatakuwa na kuelewana. Lori litakalozidi litaegeshwa uwanjani mpaka mzigo wa ziada utolewe. Hivyo ndivyo alivyotamka mkubwa wa wizara kutoka Jakarta asubuhi hiyo, akiwa amesimama juu ya jukwaa la mizani ya Karangsari, kipaza sauti mkononi, chini ya mwavuli alioshikiwa na Paryono.

Paryono alikuwa mpimaji wa zamu. Katika miaka yake ishirini na miwili kazini alikuwa ameisikia hotuba hiyo mara nne, kila mara na Jumatatu yake. Safari hii mvua ilikuwa kubwa na hotuba ndefu, na mkono ulimuuma.

Kulikuwa na jambo dogo ambalo halikutajwa. Uwanja wa Karangsari unatosha malori tisa. Kontena huja na lakiri ya forodha ambayo mpimaji haruhusiwi kuikata, na hata angeruhusiwa, pale hapana winchi wala ghala. Kwa hiyo lori lililozidi huingia uwanjani na kukaa. Yakifika tisa, uwanja umejaa, na kituo kilichojaa hufungwa kwa ajili ya usalama. Ubao unageuzwa, na kila lori linalofuata linapita zake bila kupimwa mpaka nafasi ipatikane.

Madereva waliijua hesabu hiyo kuliko wizara. Walikaa kwenye vibanda vya kahawa kilomita mbili nyuma, wakisubiri wageni wa njia wanaswe. Wakishanaswa wanane, walipiga kura kwa njiti za kiberiti. Aliyevuta njiti fupi alikwenda kuujaza uwanja, na wenzake walimwachia sigara za karafuu na wali wa kula siku mbili.

Jumatatu hiyo wanane walishanaswa, lakini njiti hazikuhitajika. Dereva mmoja mwembamba aitwaye Tarsono alimaliza kahawa yake na kusema yeye hana haja ya kungoja, amebeba viti tu. Akapanda mizani. Kioo cha mizani kikaonyesha kilo mia nne na kumi juu ya kiwango. Paryono akachapa karatasi, akampa. Tarsono akaitazama karatasi, akamtazama Paryono, akaikunja na kuitia mfukoni. Hakubisha. Paryono akajisemea kwamba madereva waungwana bado wapo.

Ubao ukageuzwa. Malori yakaanza kupita, kila moja likimpigia Tarsono honi.

"Mas Tarsono, tutakujengea sanamu!" mmoja alipaza sauti kutoka kabini, akimwita Mas, yaani kaka.

"Kwanza nileteeni mto," alijibu Tarsono. "Sanamu hailali."

Saa saba mchana, wakati mizani ikiwa tupu, Paryono alikiinulia macho kioo. Kilisomeka kilo mia sita na ishirini.

Hapakuwa na kitu juu ya jukwaa isipokuwa matope ya mvua. Kila asubuhi, kabla ya lori la kwanza, mpimaji hubonyeza kitufe cha kurudisha kioo kwenye sifuri. Kazi ya sekunde mbili. Asubuhi hiyo mkono wake ulikuwa na mwavuli.

Malori manane ya kwanza yalikuwa yamezidi kwa tani kumi, kumi na tano. Hayo yangezidi hata kwa mizani ya dukani. La tisa lilikuwa halali.

Kesho yake Tarsono alikuja dirishani kwa Paryono, kofia mkononi, akimwita Pak, yaani mzee.

"Pak, Alhamisi inatimia siku ya elfu tangu baba afariki. Tunaweka jiwe la kaburi, na mtoto mkubwa ni mimi. Lakini nikiliacha kontena bila mtu, kazi sina."

Paryono alikwenda kwa mkuu wa kituo, Pak Hartoyo, akamweleza yote, pamoja na kitufe.

"Kwa hiyo nimwandikie nani?" aliuliza Hartoyo bila kuacha kula karanga. "Nimwandikie mkubwa kwamba mizani aliyosimama juu yake ilikuwa inadanganya wakati anahutubia?"

"Tumwachie huyu mmoja tu, Pak."

"Tukimwachia, kuna nafasi. Kukiwa na nafasi, tunafungua. Tukifungua, anaingia mwingine wa tani hamsini. Unataka kumtoa mwenye viti umwingize mwenye saruji?"

Paryono hakutaka. Wala hakutaka kukaa kimya, lakini ndicho alichofanya, Jumanne na Jumatano nzima, akijiambia kwamba Hartoyo ana moyo na huenda akalainika. Hartoyo alikuwa na moyo. Jumatano alimpelekea Tarsono karanga.

Alhamisi alfajiri Paryono aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda kugonga mlango wa kabini.

"Nenda kwenu. Nitakulindia mimi."

Tarsono alimshika mkono kwa mikono miwili, akaapa hajawahi kuona askari wa mizani mwenye utu kama huyu. Paryono akamwambia awahi basi.

Alishinda kutwa katika kabini ya lori alilolikamata yeye mwenyewe, amevaa sare, huku wapita njia wakimpigia honi na kucheka.

Tarsono alirudi Ijumaa asubuhi na kikapu cha chakula cha dua: wali, kuku, yai la chumvi kutoka Brebes.

"Mama kasema hiki ni chako, Pak. Kakuombea mbele ya watu."

"Jiwe mmeweka?"

"Kaweka mdogo wangu. Mimi nilifika watu wanakula. Lori moja lililozidi limekatika ekseli kabla ya daraja, tukakaa kwenye foleni saa tatu nzima. La wenzetu haohao, waliopita hapa Jumatatu mpaka jana."

Paryono aliweka kikapu chini.

"Mas, lori lako halikuzidi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nabeba viti vya mtiki miaka kumi na moja, Pak. Nilidhani na wewe unajua. Nikasema, huyu mzee anataka kuujaza uwanja wenzangu wapite, basi nimsaidie. Ndiyo maana sikubisha. Nilijua kesho yake utaniachia."

Paryono akaeleza kitufe, polepole, na mvua, na mwavuli. Tarsono alisikiliza hadi mwisho.

"Kula, Pak," alisema. "Wali unapoa."

Akala. Tarsono alikaa karibu naye akivuta sigara, na hakumwita tena mtu mwenye utu.

Jioni hiyo taarifa ya wiki ilipelekwa Jakarta. Kwenye safu ya malori yaliyozidi uzito na kuruhusiwa kupita, Paryono aliandika sifuri. Ilikuwa sahihi. Tangu Jumatatu saa nne asubuhi, Karangsari haikuwa imepima lori lolote.