Papa Lwaboshi na Velo za Betri

Papa Lwaboshi alikuwa dereva, na usipolijua hilo hujamjua hata kidogo. Huko kwetu Bukavu aliendesha lori la kahawa, akishuka mlima wa Ngomo mpaka Uvira, njia ambayo ukichungulia bondeni unaona mabati ya waliokosea kona. Yeye hakuwahi kugonga hata kuku. Alinirudia na habari hiyo mpaka siku moja nikamwambia, "Papa, hao kuku wa Ngomo walikuwa na akili kukushinda." Alicheka mpaka akashika mbavu. Wakati ule tulikuwa tukicheka bado.

Mi ni Cécile, fundi wa nguo. Nyumba yangu na yake zinatazamana hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Tulikimbia vita ya Bukavu mwaka 2004, yeye akiwa mtu mmoja na begi lake, mi nikiwa na tumbo la Merveille. Merveille ni mtoto wangu wa pekee. Ninasema kama vile bado yupo, na mniache niseme hivyo.

Siku tuliyoshuka basi Lumbadzi, karibu na kambi, Papa Lwaboshi alitaka kuvuka barabara kununua maji. Akaangalia kushoto kama tulivyozoea kwetu, ambako magari yanashika mkono wa kuume, akaweka mguu kwenye lami. Minibasi ikatokea upande wa pili, ikampita karibu na kitambi. Dereva akamtukana kwa Kichewa, na hatukuhitaji mkalimani.

"Mama!" akaniambia. "Hapa bantu banaendesha mukono ya kushoto!"

Dereva mzima wa Ngomo, nusura auawe kwa kwenda kununua maji. Alisimama pale mchana kutwa akiyatazama magari, kichwa kinakwenda huku na huku kama mtoto anayefundishwa kusoma. Hapa Malawi hakupewa usukani tena. Mkimbizi ni mkimbizi. Leseni yake ya Kongo aliifunga kwenye plastiki akaiweka ndani ya Biblia, akawa mtu wa kengele ya kanisa na wa kuziba mipira ya baiskeli. Jumapili aliniuliza, "Mama Merveille, iko siku moja nitaendesha tena?"

Mwaka 2019 mradi mmoja ukaleta velo, yaani baiskeli, za betri. Zilikuwa za wanafunzi wetu wa sekondari iliyo upande wa Dowa, waliokuwa wakichoka kwa kutembea hata kabla ya somo la kwanza. Betri zilichajiwa kwa jua, kwenye kontena la mradi. Merveille alipata moja, kwa sababu alifaulu vizuri. Jamani, huo mwezi! Alikuwa anarudi nyumbani hana jasho, ananiimbia, anataka kuwa daktari, kesho yake anataka kuwa rubani. Nikaamini vyote viwili.

Lakini velo zile hazina sauti na zinakimbia kuliko akili ya mtoto. Mradi ukatafuta mtu wa kufundisha, na nani angechaguliwa zaidi ya dereva asiyegonga kuku? Wakampa filimbi na fulana ya kung'aa. Alivaa fulana ile hadi kanisani. Tukamtania, hakujali.

Shida aliijua tangu mwanzo. Batoto wetu, Wakongo na Warundi, wengine wamefika juzi, na mtoto wa kwetu akiogopa barabarani anakimbilia kuume, maana kwetu ukingo uko kuume. Hapa kuume ni katikati ya magari. Basi Papa Lwaboshi akaja kwangu na kipande cha kitenge chekundu.

"Mama Merveille, unishonee vitambaa vya mukono. Kila mutoto avae kwa kushoto. Sitasema gauche wala kushoto, sitasema droite wala kuume. Nitasema tu kitambaa."

Nikashona. Kila asubuhi aliwapanga uwanjani, akipuliza filimbi na kuita, "Kitambaa!" na wote wanapinda kushoto pamoja. "Upande ya kitambaa njo upande ya uzima," aliwaambia, maana kwetu "njo" ni "ndio". "Nikisema, musiulize. Mugeuke kwanza, mutauliza mukifika." Merveille alimwiga jikoni akigeuza ugali, mwiko ukiwa filimbi. Hata mi nikaanza kutembea kwa kitambaa.

Sasa barabara yenyewe. Kingo za lami zilikuwa zimeliwa, mtoto akitoka nje kidogo anaanguka kwenye mtaro. Tuliomba njia ya pembeni ya baiskeli, na matuta kabla ya kona. Wakubwa wakaja kukutana: wa kambi, wa barabara, wa trafiki, wa mradi. Wa barabara akasema atachonga njia mradi ukileta saruji. Wa mradi akasema wao ni watu wa velo, si watu wa saruji. Wa trafiki atamleta askari pale kwenye kona akipewa mafuta ya pikipiki. Wa kambi akasema anangoja kibali, na hakusema cha nani. Wakanywa Fanta, wakasema zikomo kwambiri, asante sana, wakapanda magari.

Mmoja wao alituambia mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Nikamjibu mbele ya watu, "Na mikono minne ikikaa mifukoni, bwana, ng'ombe atajichinja mwenyewe?" Watu walicheka. Papa Lwaboshi hakucheka. Aliniambia, "Mama, ile kona inaniogopesha." Akaanza kwenda kusimama pale kila asubuhi, yeye na filimbi yake, mvua na vumbi. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Hilo nalo liandikwe, maana mi si mwongo.

Ulikuwa msimu wa tumbaku. Lori lililopakia marobota lilikuwa linapanda kutoka kwenye kona, Merveille anashuka kulielekea, yuko upande wake wa kushoto kama alivyofundishwa. Dereva akakwepa shimo, pua ya lori ikaingia upande wa mtoto. Papa Lwaboshi aliona kabla ya yeyote. Merveille angegeuka kushoto angetumbukia mtaroni, angevunjika mkono, ningempiga kofi na kumbusu, ingekwisha. Papa akapaza sauti, na Merveille akatii, hakuuliza. Akageuka kuume. Dereva alikuwa ameshakwepa shimo, amerudi upande wake. Pale njo walikutana.

Watu walisema mtoto alichanganyikiwa.

Tulimpeleka hospitali ya Lilongwe. Nililala chini ya kitanda chake, mchana dada mmoja wa kanisa alikuwa akiniletea uji kutoka mtaa wa Kawale. Papa Lwaboshi alikaa nje kwenye ukuta, hataki kuingia. Nilidhani ni uchovu. Asubuhi moja Merveille akafungua macho, akaniangalia kwa akili zake zote.

"Mama, Papa alisema droite."

"Nyamaza, mwanangu, pumzika."

"Alisema droite, Mama. Nikaenda droite."

Hakuniambia kama mtu anayeshitaki. Alikuwa anataka nijue kwamba alisikiliza. Alikufa kabla sijampata wa kunisaidia kumgeuza. Kitambaa changu chekundu kilikuwa bado kwenye mkono wake, wauguzi walikuwa wameshindwa kukifungua, maana nilikuwa nimekishona imara.

Kwenye kilio Papa Lwaboshi alichimba kaburi yeye mwenyewe, akakataa chakula, akakataa kiti. Watu wakasema, tazama anavyompenda mtoto wa jirani. Mi nilimtazama na kungoja. Nilijua, naye hakujua kwamba najua. Ningeweza kupiga kelele mbele ya wote. Lakini nilitaka litoke kinywani mwake. Nilimchukia, sifichi. Usiku nilikuwa namwona kwenye mlango wake ng'ambo, naomba Mungu amnyime usingizi, na kweli Mungu alimnyima.

Basi, mtoto akishazikwa, wakubwa wakaamka. Saruji ikapatikana. Mafuta ya pikipiki yakapatikana. Hata kibali kikajulikana ni cha nani. Njia ya pembeni ikachongwa pande zote mbili, matuta yakawekwa, kivuko kikapakwa rangi nyeupe ya kupendeza. Vyote vile vilikuwa vinaweza kufanyika, kumbe.

Siku ya kuzindua wakatandika mahema. Nilikalishwa mbele, nikapewa Fanta. Mkubwa mmoja akashika maikrofoni, mkalimani wake akamtafsiri.

"Ajali ile ilitufundisha. Mwanafunzi alichanganyikiwa, akaacha upande wake. Nyinyi wengine msifanye kama yeye."

Nikaiweka chupa chini. Mtoto wangu, aliyetii kuliko wote, amekuwa mfano wa ukaidi! Niligeuka nikamtafuta Papa Lwaboshi. Alikuwa nyuma na fulana yake ya kung'aa, imemning'inia kama kwenye kamba, alivyokonda. Tukatazamana. Nadhani pale njo alijua kwamba najua.

Akaja mbele, hakuomba ruhusa, akachukua maikrofoni.

"Mutoto hakuchanganyikiwa," akasema. "Mi njo nilimwita. Nilitaka kusema kitambaa. Nikasema droite. Miaka yote hii niko hapa, lakini nilipoogopa, mwili yangu ilirudia Bukavu. Yeye alisikiliza tu. Musiseme alikosa. Mi njo nilikosa."

Mkalimani akamtazama mkubwa wake, atafsiri au asitafsiri. Mkubwa hakungoja. "Zikomo, mzee, zikomo," akasema, akamwondolea maikrofoni taratibu, wakakata utepe. Watu wakapiga makofi kwa sababu utepe umekatwa. Siku zilizofuata mradi ukaleta mwalimu mwingine kutoka Lilongwe, Mmalawi, kijana mzuri. Mtu ambaye hajawahi kujua upande mwingine.

Neno lile nilikuwa nimelingoja tangu hospitalini. Nilidhani likija nitapumua. Limekuja, na njo nikajua kwamba kulingoja ndiko kulikokuwa kunanisimamisha asubuhi. Sasa nasimama hivi hivi tu.

Alikuja kwangu jioni ile, akabaki mlangoni.

"Mama Merveille."

"Nimesikia, Papa."

"Iko kitu unataka kuniambia?"

"Hapana."

Ilikuwa kweli. Akavuka kurudi kwake.

Filimbi walimnyang'anya, kona hawakuweza. Bado anakwenda. Anasimama kwenye kivuko kile cha rangi nyeupe, bila fulana, mzee tu mwenye kofia, na batoto wapya wanampita na velo zao hawamjui ni nani. Siku za soko lazima nipite pale na mzigo wangu wa nguo. Hatusalimiani. Ila nikifika ukingoni ananiita kila mara, sauti imekwisha kabisa.

"Mama Merveille, kuume kwanza!"

Ni kweli, hapa Malawi gari la kwanza kukufikia linatoka kuume. Ameshajifunza. Nageuza kichwa, naangalia kuume, kwa sababu amesema.