Miaka Saba, na Tena Saba

Osob Yarow aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa na hakujua Kiingereza. Siku mumewe Nunow alipohukumiwa kwa makosa mawili ya kupokea mifugo ya wizi, Osob alikuwa ameketi nyuma mahakamani pamoja na Abdiwali, binamu ya Nunow. Miaka saba kwa kosa la kwanza, saba kwa la pili. Kisha hakimu akatamka neno refu, "concurrently". Abdiwali, aliyeishia kidato cha pili, akamnong'oneza kuwa kifungo kimoja kikiisha kingine kinaanza. Kizimbani mkalimani alieleza vizuri kwa sauti ya chini, lakini baada ya saba ya pili Nunow hakusikia kitu. Abdiwali ndiye aliyemwambia baadaye: kumi na minne.

Wiki iliyofuata Nunow alimwita Osob dirishani gerezani.

"Utazeeka ukinisubiri," alisema. "Nimekuacha talaka moja. Olewa ungali kijana."

Osob alimsihi mpaka askari akamwondoa. Baadaye Nunow akahamishiwa gereza la mbali.

Idda, muda wa kungoja baada ya talaka, ilikuwa ukingoni Osob alipopeleka nakala ya hukumu kwa mwalimu Rukiyo, mtaani Iftin, amwandikie barua ya rufaa. Rukiyo alisoma, akarudia mstari mmoja, akauliza nani aliyemwambia kumi na minne.

"Neno hili maana yake vifungo vinakwenda pamoja, kuanzia siku moja," alisema. "Ni saba, Osob."

Osob akamwomba asome tena. Nunow angetamka tu kuwa amemrejea kabla ya idda kuisha, ndoa ingesimama. Walipiga simu ya gereza mchana kutwa, haikupokelewa. Kesho yake alipanda basi, akakuta Mto Tana umefurika na kukata barabara pale Madogo. Siku ya pili, akiwa bado kwenye foleni ya boti, hedhi ya tatu ikamjia. Idda ikaisha hapo.

Hata hivyo alikwenda. Askari wa lango alipomuuliza yeye ni nani wa mfungwa, alikawia kujibu, kisha akasema jamaa.

Nunow alimsikiliza, akajifunika uso kwa mikono. Alisema atamuoa upya. Lakini baba wa Osob alishafariki, na walii wake, mwenye haki ya kumwoza, ni kaka yake Alio, ambaye hataki kumwoza dada yake kwa mfungwa. Kila Ijumaa Osob huenda kumwomba. Alio humkaribisha chai, akaulizia bei ya maziwa.