Daktari wa Mbegu

Daktari wa kupandisha ng'ombe hufika kijijini Kibugu kwa pikipiki, mtungi wa mbegu za fahali umefungwa nyuma kwa mpira. Kabla ya kuvaa ile glavu inayofika begani, humkuna ng'ombe shina la mkia taratibu, akimwongelesha kama mgeni aliyechoka. Na hakuna boma analotoka bila kuacha neno lake: "Mama, mbegu ndiyo kila kitu. Baba mkali, mtoto mkali. Hiyo ni damu tu." Watu hucheka. Mama Mutugi hacheki. Mutugi ana miaka mitatu, na paji lake ni la baba yake, yule aliyemvunja mama mkono akaenda zake. Akinyimwa kitu, husaga meno vilevile kabla ya kurusha ngumi.

Leo mtamba wa Mama Mutugi, ng'ombe ambaye bado hajazaa, alimpiga daktari teke. Mama Mutugi akauliza kwa woga, "Hasira hiyo ni ya baba yake, daktari?"

"Wapi! Fahali aliyemzaa nilimchagua mimi, mpole kama kondoo."

Daktari akainua mkono amkune; mtamba akafumba macho, akajikunyata. Daktari akaushusha mkono, glavu ikining'inia. Aliposema tena, sauti ilikuwa chini sana. "Huyu alionja fimbo akiwa ndama. Nani alikuwa anampiga, mama?"

Mama Mutugi akageuka kumtazama mwanawe. Zile fimbo za mumewe hazikuwa za ndama peke yake, zilimwangukia na yeye, na mtoto alikuwa akikaa pale pale mlangoni. Alimvuta Mutugi ndani ya leso, akayafunika yale macho yaliyokwisha kuona yote.