Baharia Aliyekuja Kupulizia Salfa

Kwetu Chilangala mwanamume hachukui mke hivi hivi. Anakuja kwanza kufanya kazi kwa wakwe, na mwenye neno la mwisho si baba, ni mjomba. Kwa hiyo yule bwana wa Masasi alipotaka kumwoa dada yangu, mjomba alimkabidhi mashine ya kupulizia ya mgongoni na kumwonyesha mifuko ya salfa, ule unga wa njano. Mikorosho ilikuwa inaanza kutoa maua, na ubwiri, ugonjwa unaokausha maua hayo, hausubiri posa.

Mjomba alimtilia shaka tangu siku ya kwanza. Bwana huyo alisema amewahi kuwa mpishi kwenye meli ya mizigo, akipandia Mtwara. Lakini siku aliyomsaidia dada kusonga ugali, ulitoka na madonge.

"Mpishi gani huyu?" mjomba aliniuliza pembeni. "Huko melini walikuwa wanakula nini?"

Mimi huwa sijibu haraka, na mbele za watu sijibu kabisa. Lakini tangu hapo nilianza kuangalia kila alichofanya.

Jioni baada ya kula alipenda kutusimulia habari za Waviking, watu wa kale wa nchi za baridi kaskazini. Alisema fundi wa injini wa meli yao alikuwa mtu wa huko, naye alizipata kwa wazee wake.

"Hawakuwa na dira," alisema. "Saa sita mchana wanapima kivuli cha kijiti kwenye kibao. Kikiwa kirefu kuliko jana, wanajua wamekwenda mno kaskazini."

"Na mawingu yakifunika?" mjomba akauliza.

"Wanatazama mawimbi makubwa yanatokea upande gani. Wanatazama nyangumi, maana nao wana mahali pao pa kulia chakula. Wakimwona ndege ana samaki mdomoni, huyo anawapelekea watoto, basi nchi kavu iko anakoelekea. Wengine walibeba kunguru ndani ya tundu. Wakimfungua akarudi chomboni, hakuna nchi karibu. Akienda moja kwa moja, wanamfuata."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Kunguru! Kunguru wa hapa ukimfuata, anakufikisha kwenye vifaranga vya jirani."

"Wa kule alikuwa na njaa, baba."

"Wa hapa ameshiba?"

Bwana akasema tena kwamba usiku walifuata nyota moja isiyohama. Nilitoka uani kuitafuta. Aliniambia nisijisumbue, kutoka kwetu haionekani, imezama chini ya dunia. Nikarudi kukaa. Niliona mashahidi wake wote wako mahali tusipoweza kuwafikia: fundi yuko ng'ambo, nyangumi baharini, na nyota chini ya dunia.

Dada hakuwa na wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililonitisha. Alikwisha kumkataa mtu aliyeletwa na mjomba mwenyewe, na sote tulijua kwamba huyu naye akifukuzwa, hatakubali mwingine.

Asubuhi moja ukungu ulipanda kutoka upande wa Ruvuma mpaka hatukuona choo kutoka mlangoni. Mjomba akafurahi.

"Baharia!" akaita. "Leo ndiyo bahari yenyewe. Shamba la mbali umekwenda mara moja tu. Liende peke yako, ukapulizie kabla jua halijakausha umande. Huyu mpwa wangu atabeba mfuko, lakini hatafungua mdomo." Kisha akaniinamia. "Ukirudi utaniambia ulichokiona. Akishindwa, kesho anarudi kwao Masasi."

Dada alisikia. Alikuwa ameshika madumu ya maji mawili matupu, na hakuyatua.

Tukaenda. Mikorosho ni ile ile kila unapogeuka, na ndani ya ukungu hata mimi niliyezaliwa pale sikuwa na hakika. Bwana yule alisimama, akageuza shavu hili na lile kuutafuta upepo. Hakukuwa na upepo. Akayatazama majani. Mikorosho ya njiani nilikuwa nimeipulizia mimi juzi, na upande mmoja ulikuwa wa njano zaidi.

"Upepo wa hapa unatoka kusini," alisema, kama anayejisemea. "Mpuliziaji anasimama upepo unakotoka. Basi kwenye njano nyingi ndiko kusini, na shamba liko mkono huu."

Maneno yalikuwa mazuri. Ila mimi sikuwa nimefuata upepo. Nilisimama upande ule kwa sababu upande wa pili kuna upupu, na nikiguswa na upupu silali. Alidhani anausoma upepo, kumbe anasoma woga wangu. Nilitaka kumwambia, nikakumbuka nimekatazwa, nikafunga mdomo.

Alifika kwenye mikorosho isiyopuliziwa akawasha mashine. Alikuwa amemaliza mstari mzima nilipoona mzinga wa nyuki usio wetu. Kabla sijamvuta shati, mama mmoja mjane, jirani yetu, akatokea kwenye ukungu na jembe mkononi.

"Nani huyo? Unamwaga nini kwenye mikorosho yangu?"

Bwana akazima mashine, akashusha kitambaa mdomoni. "Shikamoo mama."

"Shikamoo yako kaa nayo kwanza! Unakuja ukunguni, umefunga uso, unarusha unga kwa watu. Nani kakutuma nisivune?"

Nilidhani ataleta hadithi. Alikuwa nazo nyingi.

"Nimepotea, mama. Nilidhani ni shamba la wakwe zangu."

Mama akanigeukia. "Na wewe! Umesimama kama kisiki. Hukumwambia?"

"Nilikatazwa kusema," nikasema.

Akatangulia nyumbani kwa mjomba, jembe begani. Sisi tulimfuata polepole. Njiani bwana alisema, "Hata Waviking walipotea, shemeji. Ukungu ukishuka na bahari ikatulia, hawakujua tena upande. Wengine walifika nchi wasizozitafuta."

"Na wewe ulikuwa mpishi kweli?"

Alijibu tulipoliona paa la mjomba. "Nilikaa melini msimu mmoja. Nilikuwa naosha sufuria."

Sikujua kama huo ndio ukweli au ni hadithi nyingine iliyopunguzwa. Lakini sijaona mtu akidanganya ili ajishushe.

Mjomba alikuwa amekwisha kusikia yote. "Mpwa, sema."

Watu wote walinitazama. "Alipotea," nikasema. "Alipoulizwa, alisema amepotea. Na anasema melini alikuwa anaosha sufuria tu."

"Ndiyo maana anaziosha vizuri," dada akasema kutoka jikoni.

Yule mama akacheka wa kwanza, na hasira yake ikakosa pa kukaa. Mjomba hakucheka. Alimwuliza mama mikorosho mingapi imebaki bila salfa.

"Yote, ila mstari ule mmoja."

"Basi huyu akamalize kwako, halafu arudi kwangu."

"Na ndoa?" mama akauliza.

"Nani ametaja ndoa? Tuone kwanza kama maua yatashika."

Maua yalishika, kwetu na kwa yule mama. Mjomba akatoa ruhusa kwa maneno machache, kama anayegawa chumvi, na dada akaolewa. Mpaka leo shemeji akirudi kutoka Masasi, mjomba humwuliza amepitia njia ya Newala au ya Kitangari. Akishajibiwa, hunivuta pembeni na kuniuliza kama ni kweli.